"Hell's Ditch" ya The Pogues: wimbo gani ni bora? Mashabiki hawajakubaliana mpaka leo

Weka mashabiki watatu wa The Pogues kwenye meza moja, uwaulize wimbo gani ni mzuri zaidi kwenye albamu yao ya mwaka 1988, If I Should Fall from Grace with God. Watajibu haraka, na majibu yatakaribiana. Kisha uwaulize juu ya Hell's Ditch, iliyotoka mwaka 1990. Hapo ndipo meza inagawanyika. Mmoja atasema ni The Sunnyside of the Street, na hataki kusikia mwingine. Wa pili atataja Summer in Siam. Wa tatu atasema albamu nzima ni ya watu waliochoka, lakini kabla ya kumaliza chupa yake atakuwa ameshataja Lorca's Novena mara mbili.

Mabishano hayo yana zaidi ya miaka 30. Tangu Shane MacGowan, mwimbaji wa kundi, afariki tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 65, yamepata uzito mwingine. Hell's Ditch ndiyo albamu ya mwisho aliyoimba pamoja na The Pogues. Anayechagua wimbo mmoja ndani yake anachagua pia namna atakavyomkumbuka mtu huyo: kama mtunzi aliyekuwa bado na nguvu, au kama mgonjwa aliyekuwa anashuka mbele ya macho ya watu wote.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kulisikia kundi hili, tuseme kwa kifupi. Lilianzia London mwaka 1982. Vijana hao walichukua nyimbo za kienyeji za Ayalandi, pamoja na akordeoni, banjo na filimbi ya bati, wakazipiga kwa mbio na kwa hasira ya panki, ule muziki wa kelele ulioitikisa Uingereza katika miaka ya 1970. Jina lao la kwanza, Pogue Mahone, linatoka kwenye tusi la Kiayalandi linalomwambia mtu akubusu matakoni. Baadaye likakatwa, likabaki The Pogues. Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba sehemu kubwa ya wapigaji walikuwa Waingereza: Jem Finer wa banjo, James Fearnley wa akordeoni, Spider Stacy wa filimbi. MacGowan mwenyewe alizaliwa kusini mwa Uingereza, siku ya Noeli mwaka 1957, kwa wazazi Waayalandi, na sehemu ya utoto wake ilipita Tipperary, kwa ndugu za mama yake. Ni muziki wa mtoto wa wahamiaji, anayeimba nyumbani kwao akiwa mbali na nyumbani.

Mwaka 1987 wimbo wao wa Noeli, Fairytale of New York, walioimba na Kirsty MacColl, ulifika nafasi ya pili Uingereza, na mpaka leo unarudi redioni kila mwezi wa 12. Baada ya mafanikio hayo zikafuata safari zisizokwisha, pombe na madawa. Mwaka 1989 ilipotoka Peace and Love, mashabiki walianza kunung'unika: nyimbo za wanamuziki wengine zilikuwa zimeongezeka, na MacGowan alisikika kama mtu anayeimba kutoka chumba cha nyuma.

Basi kwa Hell's Ditch wakamwita Joe Strummer asimamie kazi ya studio. Huyu alikuwa kiongozi wa The Clash, moja ya makundi makubwa ya panki, na hakuwa mgeni kwao: alikuwa ameshapiga gitaa kwenye jukwaa lao wakati Philip Chevron alipokuwa mgonjwa. Kazi ilifanyika Rockfield, huko Wales. Unapoisikiliza leo, unatambua mara moja kwamba Strummer aliisafisha nyumba. Vyombo havigombani. Gitaa lina harufu ya Hispania, filimbi imepewa nafasi ya kupumua, na ngoma za Andrew Ranken haziharakishi bila sababu.

Sauti ndiyo iliyobadilika. Yule kijana aliyekuwa akitema maneno kama risasi mwaka 1985 sasa anayameza. Kuna mistari ambayo hata mzaliwa wa London anahitaji kuisoma kwenye karatasi ili aielewe. Hapa ndipo ugomvi wa kweli ulipo, na mimi naona ndio unaoamua mtu atachagua wimbo gani.

Wanaopenda The Sunnyside of the Street, ambao ndio unaofungua albamu, wanatafuta The Pogues wa zamani. Filimbi inaingia kwa furaha, miguu inaanza kutikisika yenyewe, na unaweza kuucheza arusini bila mtu kukuuliza. Lakini sikiliza anayeimba anasema nini: ni mtu aliyepigwa na maisha, ana chuki rohoni, na hataki huruma ya yeyote. Ameamua kutembea upande wenye jua, basi. Finer na MacGowan waliutunga pamoja, na hao wawili walipokutana kwenye wimbo mmoja mara chache waliharibu.

Kundi la pili ni la Summer in Siam. Siam ni jina la zamani la Tailandi, nchi ambayo MacGowan aliipenda sana miaka ile. Wimbo una maneno machache mno, yanayojirudia polepole juu ya piano, karibu kama mtu anayesali kabla ya kulala. Wanaoupinga wanasema mtunzi aliishiwa. Mtu aliyeandika A Pair of Brown Eyes, wanasema, atawezaje kuridhika na sentensi tatu? Wanaoutetea wanajibu kwamba hiyo ndiyo nguvu yake: kwa mara ya kwanza MacGowan hana kelele, hana matusi, hana vita. Ametulia. Na sauti ile iliyochoka, ambayo kwenye nyimbo za mbio inaonekana kuwa na kasoro, hapa inakaa mahali pake.

Kuhusu Tailandi kuna lawama nyingine. Nyimbo kadhaa za albamu zinaelekea Asia: mbali na Summer in Siam kuna House of the Gods, kuna Sayonara. Mashabiki wenye msimamo mkali wanauliza Ayalandi imekwenda wapi. Swali hilo siliafiki sana. Waayalandi wamejaa dunia nzima, na nyimbo zao za zamani zimejaa meli, bandari na watu wasiorudi. Mwimbaji wao kulewa Bangkok badala ya New York si usaliti wa mila. Tena anayetaka Ayalandi humo ataikuta, kwenye Rain Street, picha ya mtaa mmoja wenye mvua, kanisa na walevi wake, na kwenye Maidrin Rua, wimbo mfupi wa kienyeji usio na maneno, ambao jina lake lina maana ya mbweha mdogo mwekundu.

Sasa tuje kwenye Lorca's Novena, kwa sababu ndio wimbo ambao hata maadui wa albamu hii wanauheshimu. Wakatoliki wa kwetu hawahitaji kuelezwa novena ni nini: sala za siku tisa, kwa ajili ya jambo zito au kwa ajili ya marehemu. MacGowan, aliyelelewa katika dini hiyo, anaisalia novena roho ya Federico García Lorca, mshairi wa Hispania. Wafuasi wa waasi wa Jenerali Franco walimpiga risasi karibu na mji wa Granada mwezi wa 8 mwaka 1936, vita vya Hispania vikiwa vimeanza tu. Maiti yake haijapatikana mpaka leo, ingawa watu wamechimba. Historia inasimama hapo. Wimbo hausimami: wauaji wanarudi kuitesa maiti, na maiti imeinuka, imekwenda zake.

Muziki wake hauna haraka. Ngoma inapiga kama hatua za askari, gitaa linazunguka juu yake, na sauti inakuja kwa mbali, nzito, kama ya mtu anayeongoza sala usiku wa matanga. Ukiuliza kwa nini wanaoupenda ni wachache kuliko wanaoupenda ule wa kwanza, jibu ni rahisi: hauchezeki. Na mtu anayekwenda kuwaona The Pogues, kwa kawaida, anakwenda kucheza.

Wako pia wanaokumbusha kwamba kundi lilikuwa na watu wanane, si mmoja. Hao ndio ninaowaonea huruma kidogo, sababu hoja yao ni ya haki na hakuna anayeisikiliza. Terry Woods alitunga nyimbo mbili humo, Rainbow Man na Six to Go, unaofunga albamu. Finer alileta The Wake of the Medusa, juu ya meli ya Kifaransa iliyokwama karibu na pwani ya Mauritania mwaka 1816. Wakubwa walipanda mashua; watu zaidi ya 140 wakaachwa kwenye chelezo cha mbao, na baada ya siku 13 waliopatikana hai walikuwa 15. Mchoraji Théodore Géricault aliifanya habari hiyo kuwa mchoro mkubwa unaotundikwa Louvre, Paris, na The Pogues walikuwa wameshaweka nyuso zao kwenye mchoro huo huo kwa ajili ya jalada la albamu yao ya 1985. Anayeishi kando ya Ziwa Kivu au Tanganyika anaielewa habari ya chombo kilichojaa na wakubwa waliojiokoa kwanza, hata kama hajui neno moja la Kiingereza.

Lakini ni Sayonara inayowaumiza mashabiki kuliko zote. Neno ni la Kijapani, maana yake kwaheri. Wimbo wenyewe ni wa furaha, wa pombe, jua na kuagana na mpenzi. Mwaka uliofuata, 1991, kundi lilikuwa kwenye ziara huko Japani. MacGowan hakuwa tena mtu wa kutegemewa jukwaani. Wenzake walimwita hotelini wakamwambia kwamba hawawezi kuendelea naye. Fearnley ameieleza siku hiyo katika kitabu chake, na kwa simulizi yake MacGowan hakugombana. Aliwauliza tu kwa nini walichelewa hivyo. Baada ya kujua hayo, hakuna anayeweza kuusikiliza wimbo ule kama walivyousikia watu wa 1990.

Strummer alishika maikrofoni kwa muda. Kisha Stacy akawa mwimbaji, na mwaka 1993 wakatoa Waiting for Herb. Wimbo wake Tuesday Morning uliingia katika 20 bora za Uingereza, jambo ambalo hakuna wimbo wa Hell's Ditch uliolifanya. Huku kwetu hali hiyo haihitaji mkalimani. Aliyesikia watu wakibishana juu ya Wenge Musica kabla na baada ya mgawanyiko wa 1997, au aliyewasikia wazee wakisema kwamba TP OK Jazz ilizikwa pamoja na Franco mwaka 1989, anajua kwamba orkestra inaweza kuwa na nyimbo nzuri na bado ikakosa mtu.

Kuna mashabiki wasiotaka kabisa kuigusa Hell's Ditch, na hao si wa kuchekwa. Wanasema wanasikia mtu anayejiua polepole, na kampuni inauza. MacGowan aliendelea kuimba na kundi lake jipya, The Popes, akaishi miaka mingine 30 na zaidi, ya mwisho akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kwa hiyo haikuwa sauti ya mtu anayekata roho. Hata hivyo swali lao lina uzito: tunafurahia nini hasa tunaposema sauti iliyoharibika "ina ukweli"? Mimi nimeshawahi kusema hivyo kuhusu Summer in Siam, na bado nasema, lakini silisemi kwa wepesi.

Kama ni kura, yangu naipeleka kwa Lorca's Novena. Humo MacGowan hajizungumzii yeye mwenyewe. Hakuna mlevi, hakuna mtaa wa London. Kuna mshairi mwingine, nchi nyingine, na wauaji ambao hawakumpata waliyemtafuta. Kwa dakika chache hasikiki kama mtu anayeanguka. Anasikika kama mtu aliye kazini.

Mwaka 2001 kundi lilirudi pamoja naye, likazunguka na nyimbo zake za zamani kwa miaka zaidi ya 10. Mwaka 2012, wakiadhimisha miaka 30, walipiga Olympia ya Paris, ukumbi ule ule ambao Tabu Ley Rochereau aliuimbia mwaka 1970, na tamasha hilo likatolewa kama diski. Stacy aliimba Tuesday Morning yake. Kutoka Hell's Ditch, MacGowan aliimba The Sunnyside of the Street, na watu wakacheza. Lorca's Novena haimo kwenye diski hiyo, na upande wetu wa meza bado unalalamika.