Trela la Safari: Mizani Kwanza, Starehe Baadaye



Ndugu msomaji, kila shule zinapokaribia kufungwa, wazazi hujiuliza watawatembeza wapi watoto. Hoteli za mbugani ni ghali, vyakula vyake aghalabu huzua maswali, na jamaa ya watu sita haienei katika chumba kimoja. Ndipo wenye pikapu au Land Rover wanapolitazama trela la mizigo, lile la kubebea saruji na mbao, wakawaza kuligeuza nyumba ndogo ya safari: malazi juu, jiko nyuma, tangi la maji chini, kisha wote washike njia ya Malindi kuelekea lango la Sala, Tsavo Mashariki. Wazo hilo ni jema. Lakini lipo jambo moja ambalo likipuuzwa, wema huo hugeuka msiba, nalo ni mizani.

Ufundi huu una asili yake. Mwaka 1940 kampuni ya American Bantam, katika mji wa Butler, Pennsylvania, iliunda jeep ya kwanza ya majaribio kwa jeshi la Marekani. Kandarasi kubwa za magari hayo zilipokwenda kwa Willys na Ford, Bantam ikawa inaunda trela dogo la kuvutwa na jeep. Uwezo wake ulikuwa robo tani, yaani takriban kilo 227 kwa hesabu ya Kimarekani. Baada ya vita matrela mengi ya namna hiyo yaliuzwa kwa raia. Wakulima wakayatumia mashambani, na wapenda safari wakayatilia mahema na majiko. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo kwa matrela ya Sankey yaliyovutwa na Land Rover za jeshi. Yaliwafaa kwa sababu yalikuwa mafupi, imara, na yaliundwa kwa njia mbovu.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kwenda mbali kuelewa siri ya kazi hii. Nahodha hupanga shehena ya jahazi kabla ya kutweka tanga. Akirundika mizigo yote tezi, chombo hakisikii usukani. Akiiweka juu mno bila farumi chini, wimbi moja latosha kukipindua. Trela nalo lina omo na tezi yake. Mzigo ukielemea nyuma ya ekseli, mkono wa trela huinuka na kulipunguzia gari uzito, na mwendo ukizidi trela huanza kuyumba huku na huku, hata likalichukua na gari lenyewe.

Kanuni inayotumika sana Marekani ni kwamba sehemu ya 10 hadi 15 katika kila 100 ya uzito wote wa trela iwe inakandamiza pale mkono unapoungana na gari. Tuchukue mfano. Trela tupu lina kilo 300, sanduku la mbao na vyuma 120, hema 60, maji lita 60, ambayo ni kilo 60, betri, jiko na mtungi wa gesi 60, chakula na vyombo 50. Jumla ni kilo 650. Kwa hiyo uzito wa mkono uwe baina ya kilo 65 na 97, mradi usivuke kiwango alichoweka mtengenezaji wa gari. Kuupima si kazi ngumu. Egesha trela lililokwisha kupakiwa mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, kisha ulaze mkono juu ya gogo lililosimamishwa kwenye mizani ya kupimia uzito wa mtu, ukiwa kimo kilekile cha kuungwa na gari. Ukiwa mwepesi, sogeza vitu vizito mbele. Ukizidi, virudishe nyuma kidogo. Tangi la maji na betri vikae chini, karibu na ekseli.

Aidha, ekseli, matairi, kiungo na gari, kila kimoja kina mwisho wa uzito wake, na kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachotawala. Fundi akikwambia ekseli yabeba tani moja, muulize na matairi. Ni bora trela litumie rimu na matairi yaleyale ya gari, ili tairi moja la akiba lifae pande zote mbili; na upana baina ya magurudumu ulingane, ili trela lifuate njia iliyokwisha kukanyagwa mchangani. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono. Taa za breki na za kuonyeshea kona ziwake, na usajili wa trela na leseni ya dereva vithibitishwe NTSA kabla ya safari. Ikitokea trela linayumba, dereva asikanyage breki kwa nguvu wala asiongeze mwendo. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani wima, mpaka litulie.

La pili ni moto. Jiko la makaa halina nafasi ndani ya hema wala ndani ya sanduku la trela, hata kama ni usiku wa baridi na makaa yamebaki majivu mekundu. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala huizimikia asiamke. Mtungi wa gesi nao ufungwe nje, usimame wima, na upikaji ufanyike penye upepo.

La tatu ni maji. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita moja, na akioga kwa pishi ya mudi nne hadi tano. Basi weka kopo dogo penye bomba la tangi, watoto wajifunze kuwa udhu hauhitaji ndoo. Safari ikifika marhala mbili, ambazo ni zaidi ya kilomita 80, Adhuhuri, Alasiri na Isha hupunguzwa kuwa rakaa mbili mbili kwa masharti yake. Hiyo ni sadaka ya Mola wetu. Tusiikatae kwa kukimbiza gari.

La nne ni sitara. Tumefundishwa kuwatenga watoto malazi wafikapo miaka kumi. Trela lenye kitanda kimoja kipana halitoshelezi jamaa yenye wavulana na wasichana wakubwa. Liongezewe turubai la ubavuni lenye pazia, na kihema kidogo cha choo kisimamishwe mbali na njia, kivuli na chemchemi, kama adabu ya dini inavyotaka.

La mwisho, na ndilo zito: mtu yeyote asipande ndani ya trela likiwa mwendoni. Godoro likiwa limetandikwa, watoto wataomba, na mzazi ataona ni masafa mafupi tu. Humo hamna mkanda wala kiti, na dereva hasikii wakipiga kelele.

Mafunzo ya kumfunga ngamia kabla ya kutawakali hayakuisha na zama za ngamia. Kamba ya leo ni minyororo, ni mizani iliyopimwa, ni nati zilizokazwa upya baada ya kilomita chache za mwanzo. Mke na watoto ni amana, nayo haibebwi kwa makisio. Aliyekwisha kupima na akaona trela lake limezidi, apunguze mizigo kabla ya kuanza kutafuta rangi na mapazia.

Mwenyezi Mungu azijaalie safari zetu ziwe za kheri, azilinde jamaa zetu njiani, na aturejeshe majumbani salama. Amin.