Kiduha na Fugwe, Wezi Wawili wa Mahindi

Mgeni apitaye kando ya shamba katika nchi za Ziwa Victoria huenda akasimama kuyatazama maua mazuri ya zambarau yaliyochanua kati ya mahindi. Mwenye shamba hayafurahii. Hicho ni kiduha, ambacho Wajaluo hukiita kayongo, na mahindi yaliyo karibu nacho yamekwisha dumaa.

Mwizi wa pili ni fugwe, nayo haina ua la kumpendeza mtu. Mahali pa mbelewele na gunzi hutokea vumbi jeusi kama masizi ya chungu.

Wakulima wengi huviita vyote viwili ugonjwa wa mahindi, na kosa hilo huwapotezea fedha. Kiduha ni mmea kamili, wenye shina, majani ya kijani na mbegu, tena huweza kujitengenezea sehemu ya chakula chake kwa mwanga wa jua. Kilichobaki hukiiba, kwa kuishikilia mizizi ya mahindi chini ya ardhi na kuyanyonya maji. Fugwe ni aina ya kuvu. Haina kijani hata kidogo. Huingia katika mche ungali mchanga, ikakua ndani yake kama nyuzi nyembamba, na kila ilacho ni mali ya mhindi.

Hivyo dawa ya kuvu inayopakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda husaidia juu ya fugwe, lakini kwa kiduha ni fedha iliyotupwa.

Hata hivyo wezi hawa hufanana kwa jambo moja baya: wanapoonekana, hasara kubwa imekwisha fanyika. Anayeng'oa siku hiyo anaokoa mavuno ya miaka ijayo. Mche mmoja wa kiduha huweza kutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, nazo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Vumbi la fugwe nalo hudumu miaka kadhaa. Basi kiduha king'olewe kabla ya kuchanua, na fugwe kabla ya utando wake kupasuka, vikachomwe moto, wala visitupwe katika shimo la mbolea.

Kiduha kina udhaifu wake. Mbegu yake hulala mpaka iitwe na mzizi wa mmea inaoweza kuunyonya. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Mbita waligundua kwamba desmodiamu, ikipandwa kati ya mistari ya mahindi, huidanganya mbegu hiyo ikaota, kisha huizuia isishike mzizi, ikafa. Majani yake ni chakula chema cha ng'ombe, ila msimu wa kwanza huota polepole sana, na yahitaji kupaliliwa kwa uangalifu.