Kinkina: kwa nini mtoto hafanani na mama



Tukipita kwenye milima ya Kabare na Kalehe, swali moja linaturudilia kila mara. Mkulima anatuonyesha miti miwili ya kinkina. Ilipandwa siku moja, udongo ni ule ule, na mbegu zote zilitoka kwa mti mmoja wa jirani. Maganda ya mti wa kwanza yakipimwa, kinini iko ya kutosha. Ya mti wa pili, karibu hakuna. Mnunuzi anakataa gunia, mkulima anasema ameibiwa. Pengine ni kweli, mizani ya wanunuzi tunaijua. Lakini mara nyingi jibu liko ndani ya ua la mti wenyewe.

Kinkina si aina moja ya mti. Ni jenasi nzima, inaitwa Cinchona, na iko na aina zaidi ya 20. Ni ndugu ya kahawa. Tazama majani: yanatoka mawili mawili kwa kutazamana, sawa na ya kahawa. Mti unabaki na majani mwaka mzima, na jani lililozeeka linageuka jekundu kabla ya kuanguka. Huo si ugonjwa, tusipoteze franka kununua dawa ya kupulizia. Kwao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, kwenye misitu ya mawingu, ambako mvua ni nyingi na maji hayagandi usiku. Juu ya hiyo milima yetu inaupendeza, na udongo wetu wenye uchachu pia. Kitu unachochukia ni maji yanayosimama. Pale kuvu ya Phytophthora inaozesha mizizi na shina la chini, majani yanalegea, na mti unakauka hata kama mwezi uliopita ulikuwa mzima. Basi chimba mifereji kabla ya kupanda.

Hapa kwetu aina mbili ndizo zinajulikana. Ya kwanza ni ledgeriana, yenye majani membamba. Mbegu zake ziliokotwa Bolivia na Manuel Incra Mamani, mwenyeji aliyejua misitu ile, akifanyia kazi mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger. Waholanzi walizinunua mwaka 1865, wakapanda Java. Mamani yeye alifungwa na kupigwa juu ya mbegu hizo, akafa. Jina la Ledger ndilo lilibaki kwenye mti. Java ikatawala soko la kinini mpaka Wajapani walipoiteka mwaka 1942. Kuanzia hapo kinkina ya Kongo ikatafutwa sana. Aina ya pili ni succirubra, kinkina nyekundu, yenye majani mapana na nguvu nyingi. Inavumilia shida, lakini maganda yake ni maskini. Ledgeriana nzuri inaweza kutoa kinini asilimia 10 na zaidi. Nyekundu mara nyingi haipiti asilimia 3.

Sasa tuingie kwenye ua. Lipasue katikati kwa wembe. Ndani kuna kijiti kimoja cha kike na vijiti vitano vya kiume vyenye unga. Kwenye miti fulani kijiti cha kike ni kirefu, kinafika mdomoni mwa ua, na vya kiume vimejificha chini. Kwenye miti mingine ni kinyume kabisa. Kila mti uko na namna moja tu. Unga wa mti hauzai vizuri kwenye maua yake mwenyewe, wala kwenye mti wa namna ile ile. Lazima utoke kwa mti wa namna ya pili, na wadudu kama nyuki ndio wanaubeba. Kumbe kila mbegu iko na baba, na baba huyo hujamchagua wewe!

Tena aina hizi zinaoana bila shida. Kama jirani alipanda nyekundu kwenye mpaka wa shamba, nyuki anapita kule kwanza, kisha anakuja kwa ledgeriana yako. Mama unamjua, umepima maganda yake. Watoto wanatoka mchanganyiko, na kwa macho huwezi kuwatenga mapema. Utangoja miaka 7 au zaidi ndipo upate habari mbaya. Hapo ndipo tunaona wanachama wakikata tamaa na kung'oa kila kitu.

Dawa yake ni grefe. Panda nyekundu kwenye kitalu, juu mizizi yake iko na nguvu, kisha tia juu yake kijiti cha ledgeriana iliyopimwa. Kijiti hakina baba mpya. Ni mti ule ule unaendelea. Ni kazi ya mkono mwepesi, na wamama wa vitalu wanaifanya vizuri kuliko sisi maagronomu. Anayetaka mbegu hata hivyo, atafute shamba la ledgeriana peke yake, mbali na nyekundu. Avune vibumba vikianza kuwa kahawia, kabla havijapasuka toka chini kwenda juu. Mbegu ni kama vumbi lenye mabawa, gramu 1 iko na zaidi ya 2,000. Usizifukie. Zinataka mwanga ili ziote. Zimwage juu ya udongo laini, mwagilia kwa umande, tia kivuli.

Mabawa hayo yanatupatia wasiwasi mwingine. Kwenye visiwa vya Galápagos, nyekundu ililetwa na wakulima, upepo ukaisambaza, ikafunika nyanda za juu na kubana mimea ya asili. Usiipande kwenye ukingo wa msitu wa Kahuzi-Biega.

Na chai ya maganda kwa homa? Hapana. Umeona sasa vile mti na mti vinatofautiana: kikombe kimoja hakina nguvu, kingine kinaharibu masikio na moyo. Mgonjwa apelekwe kwenye kituo cha afya.

Maua yakifunguka, pasua matatu kwa kila mti, funga kamba nyekundu kwa wale wa kijiti kirefu na nyeupe kwa wale wa kifupi, andika na miti ya jirani. Mje na orodha kwenye mkutano wa kitalu, tuchague pamoja miti ya kukatia vijiti.