Dawa ya Meno Haiponyi CD

"Fundi, nimeisugua na dawa ya meno mara mbili na bado haisomi. Niongeze?" Kijana ametoka Ruiru hadi Thika na CD ya PlayStation 2 ya Need for Speed: Underground 2 ndani ya gazeti. Wa tatu mwezi huu. Usiongeze!

Kwa nini hataki kuitupa, ninaelewa. Gemu hiyo ilitoka 2004, miaka minane kabla ya Thika Superhighway kufunguliwa, na magari yake ni yale anayoyaona kila siku: Subaru Impreza, Skyline, na Lexus IS 300 ambayo sisi tunaijua kama Altezza. Unafunga taa za neoni chini ya bodi, unajaza spika kwenye buti, unaingia mjini usiku. Aliyekulia ndani ya matatu za Thika Road haelezwi utamu huo. Haili bando, na wawili mnagawana skrini. Lakini mpya haiuzwi tena, hata mtandaoni, kwa hiyo CD ikifa imekufa.

Ndiyo sababu dawa ya meno inaniudhi. Hiyo mnayoita CD ni DVD: data imelala katikati, chini ya plastiki ya milimita 0.6, na leza husoma kupitia plastiki hiyo. Dawa ya meno haizibi mkwaruzo, inakwangua plastiki iliyouzunguka. Mkwaruzo mwepesi sana huweza kufifia, na hapo ndipo uvumi wote ulipozaliwa. Tatizo ni kwamba watu husugua kwa kuzungusha, kama sufuria, na data nayo imepangwa kwa mzunguko. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni hukata kila mzunguko kidogo tu, na mashine hukokotoa kilichopotea. Unaofuata mzunguko hula kipande kirefu mfululizo, na hesabu hiyo hushindwa. Mnaichora CD mkwaruzo mbaya kuliko ule mliotaka kuuondoa.

Na mara nyingi CD haina kosa. PlayStation 2 ilianza kuuzwa 2000. Lenzi zimechoka na kujaa vumbi. Jaribu CD nyingine kwanza. Zikikataa zote, ugonjwa ni wa mashine.

Basi: futa kwa kitambaa laini, moja kwa moja kutoka katikati kwenda nje. Lenzi isafishwe kwa pamba na alkoholi ya isopropili, umeme ukiwa umechomolewa. Mashine ikigoma bado, badilisha leza. Mkwaruzo wa kweli upelekwe kwa mashine ya kung'arisha. CD ikisoma hata mara moja, toa nakala siku hiyohiyo.

Ya yule kijana nimeijaribu kwenye mashine tatu. Haikusoma.