Aliyeanguka Mtini Asivutwe



Kila msimu wa karafuu ukikaribia, hukumbushana habari za majamvi, kamba na pakacha. Safari hii tumeona yafaa tukumbushane habari za mifupa, kwani mchumaji aliyevunjika mguu ni hasara kubwa kuliko mkarafuu uliokauka.

Jambo hili lilitukaa moyoni tulipotembelea Dodoma, nchi ya Wagogo. Huko hakuna mikarafuu. Nchi ni kame, iko juu ya bahari kiasi cha mita 1,100, na mti wake mkubwa ni mbuyu. Hata hivyo watu wa huko hupanda miti kama sisi, wakitafuta ubuyu na asali. Tulikutana na mzee mmoja ambaye mguu wake mmoja ni mfupi kuliko mwenziwe. Alitueleza kuwa alianguka mbuyuni katika ujana wake. Wenziwe wakauvuta mguu, wakaukanda kwa mafuta ya moto, kisha wakaufunga mabanzi kwa kukaza. Mfupa uliunga, lakini uliunga upande. Habari kama hiyo tumeisikia mara ngapi Wete na Mkoani!

Basi na tujue kwanza kilichoumia ni kipi.

Mfupa uliovunjika huvimba, huuma sana ukiguswa mahali palipovunjika, na pengine hupinda. Kiungo kilichoteguka hutoka mahali pake, na umbo lake hubadilika. Bega ndilo liteguka mara nyingi. Kano ni zile kamba ngumu zinazoshika nyama na mfupa. Kano kubwa ya kisigino ikikatika, mtu huhisi kama amepigwa teke kwa nyuma, na hawezi kusimama kwa ncha za vidole.

Mchumaji akianguka, msimwinue upesi. Muulizeni kama mgongo au shingo yamuuma, na kama anahisi miguu yake. Ikiwa yamuuma au miguu imekufa ganzi, asikalishwe wala asibebwe mgongoni. Watu wanne au watano wamhamishe kwa pamoja, amenyooka, juu ya ubao au mlango.

Mguu au mkono uliovunjika ufungwe mabanzi kama ulivyo, bila kuvutwa, na mabanzi yapite kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika. Kisha tazameni vidole: vikiwa baridi au vikifa ganzi, legezeni kamba mara moja, kwani kamba iliyokaza mno yaweza kuua mguu mzima. Mfupa ukitokeza nje, funikeni kwa kitambaa safi, msiurudishe ndani. Kiungo kilichoteguka msikilazimishe kurudi, kwani huenda mfupa nao umevunjika. Mshtuko wa kano utakiwa maji baridi, bendeji na mapumziko. Usikandwe kwa nguvu wala kwa moto siku mbili za mwanzo.

Hatuwadharau wazee wetu waungao mifupa. Wengi wana mikono mizuri. Lakini mkono hauoni ndani ya nyama, na eksirei yaona. Mfupa wa paja ukivunjika, damu ipatayo lita moja au zaidi yaweza kumwagika ndani, na nje isionekane hata tone.

Matibabu nayo yamesogea. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ilianzishwa mwaka 1996, na siku hizi mfupa wa paja huungwa kwa chuma kinachopitishwa katika uboho wake, mgonjwa asilale kitandani miezi mitatu akivutwa kwa uzito. Huko Dodoma ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015, ambako madaktari hubadilisha nyonga na magoti yaliyoharibika. Zamani mtu wa nyanda za kati alilazimika kusafiri kiasi cha kilomita 450 mpaka Dar es Salaam.

Yule mzee alituuliza, "Huko kwenu mnaanguka pia?" Tukamjibu kuwa twaanguka sana. Akasema, "Basi waambieni wasivute."

Nasi twawaambieni. Kila shamba liweke mabanzi, vitambaa safi na ubao mmoja pamoja na ngazi na kamba, kabla ya konyo la kwanza kuchumwa.