Supakaa ya Palma ina mkonga

Katika kitabu cha forodha hakuna Ferrari. Kuna namba 8703, gari la abiria, na chini yake vijinamba vilivyopangwa kwa ukubwa wa injini na aina ya mafuta. Gari la petroli lenye injini inayozidi sentimita za ujazo 3,000 huangukia 8703.24, liwe limeundwa Maranello kwa ajili ya tajiri mmoja au limetoka Japani baada ya kupeleka watoto shule miaka kumi. Iwe Pemba ya Msumbiji, Nacala, Mtwara au Dar es Salaam, orodha ni moja, maana ni ya dunia nzima. Anayetaka kujua kwa nini gari fulani huitwa supakaa na jingine lisiitwe hivyo hatapata jibu bandarini.

Wajuzi wa magari huanza hesabu yao Geneva, Machi 1966, Lamborghini ilipoleta Miura: injini ya silinda 12 imekingamishwa nyuma ya viti, na paa linamfikia mtu mzima kiunoni. Hazikutengenezwa hata 800. Baadaye ikaja McLaren F1 ya Waingereza, 106 tu, na mwaka 1998 mojawapo ikakimbia kilomita 386 kwa saa. Ukizipanga pamoja utaona sifa zinazojirudia: injini iko nyuma ya dereva, bodi imeinamia ardhi, kuna mwendo ambao mwenye gari hana pa kuumalizia, idadi ni ndogo, na kiwanda huchagua nani auziwe. Sifa nyingine husemwa kwa sauti ya chini, nayo ndiyo inayotuhusu katika kurasa hizi: bei haishuki. Gari la kawaida hupoteza thamani tangu siku linapotoka dukani. Supakaa hasa inaweza kulala gerejini miaka 20 ikaamka na bei kubwa kuliko ya mwanzo. (Ferruccio Lamborghini mwenyewe alianza na matrekta, mwaka 1948. Macomia mwezi Februari, trekta lake lingemfaa mtu kuliko Miura.)

Macomia nimeitaja kwa makusudi. Iko kwenye njia ya kutoka Pemba kwenda Palma, katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, safari ya karibu kilomita 400: unapita Sunate, unashika barabara ya N380, unaiacha Macomia, unafika njiapanda ya Awasse, kisha Mocímboa da Praia, na ndipo unapanda kaskazini hadi Palma, mji wa mwisho mkubwa kabla ya mto Ruvuma. Mwisho wa mwaka 2019 mafuriko yaliangusha daraja la mto Montepuez kati ya Sunate na Macomia, na wilaya za kaskazini zikakatika na Pemba. Ndani ya Palma kwenyewe mchanga ni mwingi, na dereva mzoefu hushuka, akachutama, akapunguza upepo kwenye matairi yote manne kabla ya kuingia mitaa ya chini. Ukipeleka huko gari ambalo tumbo lake liko juu ya ardhi kwa kipimo cha kiganja, halitavuka hata nyumba tatu.

Hata hivyo watu wa huko wana gari wanaloligeukia likipita. Ni Toyota Land Cruiser, na hasa ile ya mfululizo wa 70, ndefu, yenye pembe kali kama sanduku, na lile bomba la kuvutia hewa lililopandishwa pembeni mwa kioo cha mbele. Sisi upande wa Tanzania bomba hilo tunaliita mkonga, na ndugu zake wa ofisini, wale wenye viti vya ngozi, tuliwapa jina la shangingi zamani. Injini yake maarufu, ya dizeli ya lita 4.2 iitwayo 1HZ, ilitoka mwaka 1990 na haina tabo. Nguvu yake ni kama farasi 130. Kijana wa Dubai angecheka. Lakini fundi wa Mocímboa anaweza kuifungua na kuifunga chini ya mwembe, bila kompyuta, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Barabara zetu zilishaweka mizani hii wazi zamani. Katika Safari Rally ya mwaka 1975, Lancia ilileta Stratos, gari lililokuwa supakaa kwa kila kipimo: kabari ya bodi, injini ya V6 ya Ferrari nyuma ya mgongo wa dereva. Sandro Munari akamaliza wa pili, Björn Waldegård wa tatu. Mshindi alikuwa Ove Andersson akiendesha Peugeot 504, ndugu wa zile zilizokuwa zikibeba abiria Kenya nzima.

Tuje kwenye soko lenyewe. Magari haya ya Land Cruiser hufika Cabo Delgado kwa milango mitatu. Wa kwanza ni wa mashirika. Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada hawahangaiki na yadi. Mengi huagiza kupitia Toyota Gibraltar Stockholdings, kampuni iliyoko kwenye lile jabali la mlango wa Mediterania, ambako gari hufungwa redio, mkonga, tangi la pili na ngao ya mbele kabla halijapakiwa melini. Mlango wa pili ni Japani, magari ya mtumba yanayonunuliwa mtandaoni. Msumbiji, kama Tanzania, huendesha kushoto, kwa hiyo usukani wa Kijapani unakaa mahali pake. Wa tatu ni Ghuba, na huko ndiko yanakotoka pia yale yaliyovishwa chuma cha kuzuia risasi, kazi inayofanywa sana Umoja wa Falme za Kiarabu. Gari likishavishwa namna hiyo uzito wake hupita tani nne. Springi na breki zake ni lazima zibadilishwe, na milango yake haifunguki kwa mkono mmoja.

Land Cruiser ya pikapu ina faida nyingine kwa mnunuzi anayepiga hesabu. Forodha huihesabu kuwa gari la mizigo, namba 8704, na siyo gari la abiria. Ndiyo maana mwenye duka la vifaa vya ujenzi huchukua pikapu hata kama mzigo wake mkubwa wa wiki ni familia yake ya Ijumaa.

Kilichovimbisha soko hili ni gesi. Juni 2019, uamuzi wa mwisho wa uwekezaji katika mradi wa Mozambique LNG ulitangazwa, dola bilioni 20 kwa kiwanda cha karibu tani milioni 13 kwa mwaka kwenye rasi ya Afungi, kusini mwa mji wa Palma. Gari la foo wili likawa na kazi kila siku. Kisha Machi 24, 2021, Palma ikashambuliwa na waasi wenye silaha. Siku mbili baadaye msafara wa magari 17 ulitoka hoteli ya Amarula kujaribu kukimbilia pwani ukavamiwa njiani; machache tu yakafika. Wakazi walio wengi hawakuwa na gari la aina yoyote. Walitoroka kwa miguu na kwa mashua. Mwezi uliofuata Total, kampuni inayoongoza mradi na inayoitwa sasa TotalEnergies, ikausimamisha kwa tamko la force majeure, yaani dharura iliyo nje ya uwezo wake, na tamko hilo halikuondolewa hadi Novemba 2025.

Tangu hapo kasi imepoteza soko kabisa. Sehemu za N380 zimekuwa zikipitwa kwa misafara inayosindikizwa na wanajeshi, na ndani ya msafara gari la mwendo kasi hutambaa kwa mwendo wa lori la mwisho. Kinachonunuliwa ni uhakika kwamba gari halitakuwa lile litakalosimama. Asiye na uwezo huo hupanda chapa, kama Wamsumbiji wanavyoiita daladala, na humo hakuna anayeuliza injini.

Mtu atauliza: gari lililouzwa zaidi ya milioni 10 duniani, kama Land Cruiser lilivyofikisha mwaka 2019, linawezaje kuhesabiwa na Miura? Ni swali la haki. Ila adimu hupimwa pale ulipo. Land Cruiser 300 ilipotoka mwaka 2021, foleni yake Japani ilikuwa ya miaka, na Toyota ikawataka wanunuzi waahidi kwa maandishi kutoliuza ndani ya mwaka mmoja, kwa kuwa iliogopa wachuuzi wa kuliuza nje. Hapo mtengenezaji wa magari ya watu wote alianza kuchagua nani auziwe, mtindo tuliouzoea kwa Ferrari. Na anayelitaka lile la zamani la mfululizo wa 70 Pemba au Nampula atakuta bei inayokataa kuzeeka, hasa likiwa limetoka kwenye mnada wa shirika.

Mnada wa shirika ndio kilele cha biashara hii. Mnunuzi makini hafungui boneti kwanza. Huinama chini ya chesisi kutafuta kutu ya chumvi, maana gari lililoegeshwa miaka mitano ufukweni huoza kimyakimya. Ndipo huamsha injini, akafungua kifuniko cha oili na kuweka kiganja juu kuona kama inapuliza moshi. Baada ya hapo huja kwenye mlango wa mbele na kuupapasa. Rangi nyeupe ya mlango imepauka kwa jua, isipokuwa duara moja katikati, jeupe zaidi, mahali nembo ilipobanduliwa. Dalali anayejua kazi yake haigusi sehemu hiyo kwa polishi. Huiacha ionekane, mteja asome mwenyewe gari lilikuwa la nani, na ndipo hutaja bei.