Je, Wajua? Amri ya Rais haifuti mtihani wa karani

Je, wajua kwamba huko Kivu Kaskazini, Kongo, msimamizi wa teritori ya Masisi au Walikale anaweza kubadilishwa kwa saini ya Rais, lakini masharti ya kumwajiri karani aliye chini yake hayawezi?

Tarehe 3 Mei 2021 Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya kuzingirwa Kivu Kaskazini na Ituri kwa amri namba 21/015. Ilianza kutumika tarehe 6. Gavana wa kiraia akampisha jenerali, na wasimamizi wa teritori wakapokewa kazi na maofisa wa jeshi na polisi. Katiba ya 2006 inaruhusu hayo, ila kwa kipimo: siku 30 za mwanzo, kisha kila nyongeza ya siku 15 lazima ipate idhini ya Bunge. Amri yenyewe, ikishatiwa saini tu, hupelekwa Mahakama ya Katiba ikaguliwe.

Mtumishi wa kudumu analindwa na kitu kingine: Sheria namba 16/013 ya 15 Julai 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 1981 ya enzi za Mobutu. Sheria hiyo inataka watu waajiriwe kwa mtihani wa ushindani. Waziri au gavana, hata awe na nyota ngapi begani, hawezi kuufuta mtihani huo kwa barua. Serikali ikitaka kuigusa sheria kwa amri, kifungu cha 129 cha Katiba kinaitaka kwanza iombe ruhusa ya Bunge, tena ya muda maalumu, kisha irudi bungeni amri hiyo ithibitishwe. Isiporudi kwa wakati, amri inakufa.

Kwangu mimi, kifungu cha Katiba kinachomgusa zaidi kijana wa Masisi ni cha 36: hakuna wa kudhulumiwa kazini kwa sababu ya asili yake, jinsia au maoni. Cha 193 kinaongeza kwamba utumishi wa umma hauna chama.

Hata Kenya, saini ya Rais ina mipaka. Tarehe 3 Julai 2023 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha uteuzi wa mawaziri wasaidizi 50 wa Rais William Ruto.

Kongo nako, mapema 2025 waasi wa M23 waliteka Masisi na kuweka wasimamizi wao. Uteuzi huo haumo katika sheria yoyote ya Kongo. Na hata upande wa serikali, wapo wengi walioingia kazini kwa barua ya mkubwa tu, wakafanya kazi miaka mingi bila matrikule (namba ya utumishi) wala mshahara.